Blanki ya ufunguo wa gari la kizamani inagoma: anza na kitasa, usianze na ufunguo

Hii shida naiona inajirudia kila siku, mtu ana gari la zamani analipenda, ufunguo umebaki mmoja na umechakaa, anaenda kuchonga wa pili, fundi anatafuta kwenye misumari yake blanki inayofanana fanana, anachonga, jamaa anarudi kwenye gari na ufunguo haufungui kitu. Blanki hapa namaanisha ule ufunguo mbichi, bado haujachongwa meno.

Kwa uzoefu wangu kosa linaanzia mwanzoni kabisa, watu wanauamini sana ule ufunguo walionao. Gari la miaka 50 limepita mikononi mwa watu wengi, huo ufunguo unaweza kuwa kopi ya kopi ya kopi, na blanki yake huenda mtu aliilazimisha kwa tupa ndo ikaingia. Kitasa ndo shahidi wa kweli. Kwa hiyo kwenye kila dalili hapo chini utaona narudi kwenye kitasa kwanza.

Tuelewane majina haraka. Kichwa ni pale unaposhika. Bega ni ule ukingo unaogota kwenye uso wa kitasa ufunguo ukishaingia wote. Shina ndo sehemu inayozama ndani, na ubavuni mwake kuna mifereji inayokwenda kwa urefu. Halafu meno, na mwisho ncha. Mifereji inaamua kama ufunguo utaingia, meno yanaamua kama utazunguka. Mashine ya fundi inachonga meno tu, mifereji inatoka nayo kiwandani, ndo maana ukikosea blanki hakuna uchongaji wa kuokoa hiyo hali.

Dalili: blanki haiingii kabisa, au inaingia nusu inagota

Sababu ya kwanza ni uchafu, na watu hawaiwazii kabisa. Kabla hujamlaumu mtu, chukua ule ufunguo wa zamani uingize kwenye kitasa hicho hicho. Nao ukiingia kwa shida basi ndani kuna vumbi limegandana na grisi ya miaka. Puliza hewa, weka kisafishio cha vifaa vya umeme kile kinachokauka chenyewe, ingiza ufunguo toa futa, ingiza toa futa, mpaka kitambaa kibaki safi, halafu jaribu blanki tena. Mulika na tochi pia uone kile kijifuniko kidogo cha springi mdomoni mwa tundu, kikikatika kinalala kwa ndani na kuziba njia.

Kama ufunguo wa zamani unaingia laini na blanki mpya haiingii, hapo ni mifereji. Fanya hivi: shika funguo zote mbili, ncha zikuelekee wewe, zisogeze karibu na dirisha, tumia kioo cha kukuza kama unacho. Usiziangalie kwa ubavu, ziangalie kwa ncha. Utaona umbo kama herufi iliyopinda pinda, na hilo umbo linatakiwa lifanane na tundu la kitasa. Mara nyingi mfereji wa kushoto uko juu kidogo kuliko inavyotakiwa, tofauti ya unene wa kucha tu, na hiyo inatosha kukataa. Kuna blanki nyingine ni kama sura kwenye kioo, kila kitu kipo ila upande wa kushoto umehamia kulia, ukiwa umeziweka mezani huwezi kugundua hata uzitazame saa nzima.

Hapa magari ya GM (General Motors) ya Marekani yanastahili maelezo yake. Kuanzia 1935 mpaka 1966 walitumia mifereji ile ile, kwa hiyo blanki inayojulikana kama B10 (wengine wanaiandika H1098LA, ni kitu kimoja) inahudumia miaka yote hiyo kwenye swichi ya kuwashia na milango, na B11 ni ya buti na droo ya dashibodi. Halafu kuanzia modeli za 1967 wakaanza kubadilisha mifereji kila mwaka kwa mzunguko wa miaka 4, kila mfereji na herufi yake. Mfano modeli za 1969 ni E kwa ufunguo mmoja na H kwa mwingine. Sasa mtu ana gari la 1969, anaagiza blanki "ya GM ya miaka ya sitini", inakuja, kichwa kinafanana kabisa na cha zamani, na haiingii hata robo. Tafuta hiyo herufi kwenye ufunguo wa zamani, na tafuta kwa mwaka wa modeli, sio mwaka ambao gari liliandikishwa, maana gari la modeli ya 1969 linaweza kuwa lilitengenezwa mwishoni mwa 1968.

Na kichwa kisikudanganye. Ndiyo, GM walitengeneza kichwa cha pembe nane kwa swichi na cha mviringo kwa buti ili dereva atofautishe hata gizani, lakini watengenezaji wa blanki wanaweza kubandika kichwa chochote juu ya shina lolote. Kichwa kinakupa dokezo tu.

Unene nao upo. Pima shina la zamani kwa vanie kalipa, pima mgongoni ambako hakuna meno, halafu pima blanki. Lakini kumbuka ule wa zamani umelika, kwa hiyo blanki kuzidi kidogo sana ni kawaida. Ikizidi mpaka unasikia inakwaruza, sio yake.

Kitu ambacho usifanye hata kwa dakika moja: kuchukua tupa na kuikwangua blanki mpaka iingie. Itaingia kweli. Ila itakuwa inacheza humo ndani, inapinda kila ukizungusha, na ule unga wa brasi utabaki kwenye springi za kitasa. Nimeshafungua silinda ya mlango (kile kiini cha kitasa kinachozunguka na ufunguo) ambayo ndani ilikuwa inameta njano kama imemwagiwa vumbi la dhahabu, yote ni ya ufunguo uliokwanguliwa, na springi mbili zilikuwa zimekwama chini hazirudi.

Dalili: inaingia yote vizuri ila haizunguki

Kwanza kabisa, kama ni swichi ya kuwashia na gari lina loki ya usukani, tikisa usukani kushoto na kulia taratibu huku unazungusha ufunguo kwa mkono mwepesi. Tairi zikiwa zimegandamiza ukingo wa barabara loki inabeba uzito na hata ufunguo sahihi hautazunguka. Hii peke yake imeshapeleka watu wengi kununua blanki ambazo hawakuzihitaji.

Kama sio hiyo basi sababu kubwa ni kopi ya kopi. Ndani ya vitasa vingi vya magari kuna vibati vidogo vinavyosukumwa na springi, kila jino linatakiwa linyanyue kibati chake mpaka kimo fulani, sio juu ya hapo wala chini. Kwenye zile GM za meno 6, hatua kati ya kina kimoja na kingine ni inchi 0.025, kama milimita 0.64 hivi. Sasa ufunguo wa zamani umelika kidogo, mashine ya fundi inafuata huo ulikaji na kuongeza kosa lake dogo, kopi inayofuata inaongeza tena, kopi ya tatu tayari iko katikati ya hatua mbili. Ufunguo wa zamani unafungua kwa sababu umelika pamoja na kitasa chake, wamezoeana, kopi haina mazoea hayo.

Ukaguzi rahisi ni kuziweka funguo mbili mgongo kwa mgongo, mabega yakiwa sawa sawa, na kuzitazama kwenye mwanga. Kama mabonde ya mpya yote yamesogea upande mmoja kwa kiasi kile kile, basi fundi hakuweka bega vizuri kwenye mashine, arudie tu kwa blanki nyingine. Kama mabonde yako mahali pake ila yana kina kidogo kuliko inavyotakiwa, na kingo bado zina makapi, piga brashi ya waya laini kwanza uondoe makapi ujaribu tena. Lakini kama mpya inafanana kabisa na ya zamani na bado haizunguki, acha kunakili. Dawa ni kuchonga kwa kodi (zile herufi na namba za kitasa), yaani fundi anachonga kwa vipimo vya kiwandani na haangalii ufunguo uliochakaa kabisa. Kodi inapatikana wapi nimeeleza kule chini.

Sababu ya mwisho ni vibati vyenyewe kukwama. Unga wa grafiti kidogo, ingiza toa mara kadhaa. Usiweke oili ya injini wala grisi, inaleta raha ya wiki moja halafu inashika vumbi na unarudi palepale.

Dalili: inafungua mlango, swichi inagoma (au kinyume chake)

Hapa mara nyingi hakuna kilichoharibika. Uliza kwanza kama gari lako lilitoka na funguo mbili tofauti, mengi ya zamani yalikuwa hivyo. Ford za Marekani pia zilikuwa na wa swichi na milango, na mwingine wa buti, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 funguo zao zikawa na meno pande zote mbili, kwa hiyo ukikuta blanki ya meno upande mmoja imechongwa kwa ajili ya gari la baada ya hapo jua kuna mtu alichanganya.

Kama gari lako lilitakiwa kuwa na ufunguo mmoja na sasa kila kitasa kinataka wake, basi mwenye gari wa zamani alibadilisha mkono wa mlango au swichi kutoka gari lingine. Usitafute blanki ya kufungua vyote, haipo. Chukua kila kitasa peke yake, tundu lake, mifereji yake. Ukitaka kurudi kwenye ufunguo mmoja fundi anaweza kufungua silinda na kupanga upya vibati vifuate ufunguo mmoja, ila hilo linawezekana tu kama mifereji ya silinda zote inafanana.

Dalili: unalegea, unaweza kuuchomoa gari likiwa linanguruma

Hii naomba uisome kwa makini. Ukiona ufunguo unatoka wakati injini inawaka, sababu ya kawaida ni shina na vibati vilivyolika, au blanki nyembamba isiyo ya kitasa hicho. Watu wanaiona kama kitu cha kawaida kwa gari la zamani, hata wanaonyeshana. Kwa gari lenye loki ya usukani sio mchezo hata kidogo, swichi ikirudi nafasi ya kufunga ukiwa mwendoni usukani unaweza kujiloki mkononi mwako. Marekani loki ya kuzuia wizi ikawa sheria kwa magari mapya ya abiria kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na GM waliihamishia swichi kwenye mhimili wa usukani kwa magari yao mengi modeli za 1969, kwa hiyo kama gari lako ni la miaka hiyo kuja mbele, chukulia kwamba loki ipo.

Ukaguzi ni mmoja tu, gari likiwa limesimama, breki ya mkono juu, jaribu kuvuta ufunguo kwenye nafasi ya kuwaka. Ukitoka, usiliendeshe. Usibandike, usifunge na waya. Ufunguo mpya wa kodi kwenye blanki sahihi unaweza kumaliza, na kama bado unatoka basi silinda imekwisha, hapo ni fundi.

Dalili: unakwama, unapinda, umekatika

Angalia blanki ni ya chuma gani. Zile nyepesi za alumini zenye rangi rangi ni laini, kwa kitasa kigumu cha zamani zinajisokota kwenye shingo. Brasi iliyopakwa nikeli ndo ya kawaida na inatosha. Nikeli silva ni imara zaidi, na ukiipata kwa mifereji yako ichukue. Chuma kigumu sana sikipendi kwa magari haya kwa sababu kinakula vibati, na ni nafuu kubadilisha ufunguo kuliko kitasa.

Ukikatika ndani, mkono ukae mbali kwanza. Rudisha silinda kwenye nafasi ambayo ufunguo huwa unatokea, kama ulikuwa umezungusha, maana nje ya nafasi hiyo kipande hakitoki hata ufanyeje. Kikiwa kimejitokeza, plaizi ya mdomo mwembamba na uvute moja kwa moja. Kikiwa kimezama, ule msumeno mwembamba wa kukatia urembo wa mbao, meno yakielekea nje, uteleze ubavuni mwake na uvute polepole. Gundi usiweke, naomba sana, gundi inashika kipande na silinda vyote. Dakika 15 zikipita hujafanikiwa ita fundi funguo, na hifadhi vipande vyote viwili, akiviunganisha anasoma meno.

Dalili: unazunguka, taa za dashi zinawaka, stata kimya

Hapa mara nyingi ufunguo hauna kosa. Pima betri, kaza tamino zake, kama gia ni otomatiki jaribu kuwasha kwenye N (gia huru). Kuna kundi moja ambalo ufunguo ndo tatizo kweli: Corvette kuanzia 1986, na baadae Camaro na nyingine za GM, zina kidonge cheusi kwenye shina chenye ukinzani wa umeme, na viko vya thamani 15 tofauti. Blanki isiyo na kidonge au yenye kidonge cha thamani nyingine itazunguka vizuri kabisa na gari litakataa. Pima ule wa zamani kwa mita ya ohm, nunua blanki ya thamani hiyo, na ukishajaribu na ufunguo mbaya subiri dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena kwa sababu mfumo unajifunga kwa muda.

Dalili: hakuna ufunguo hata mmoja

Watu wanakata tamaa hapa wakati mara nyingine ndo kazi rahisi, kwa sababu hakuna ufunguo mbovu wa kukupotosha, unaenda kwenye kitasa moja kwa moja.

Magari ya Uingereza ndo mepesi kuliko yote. MG, Triumph, Mini na wenzao wa miaka hiyo, futa uso wa swichi pembeni ya tundu na utaona herufi na namba zimegongwa. Mfululizo wa FS unakwenda 876 mpaka 955, yaani funguo 80 tu, na ule wa zamani zaidi wa MRN unakwenda 1 mpaka 50. Unaagiza kwa namba hiyo na unaletewa ufunguo ambao tayari umeshachongwa, huhitaji hata mashine. Hakikisha tu namba ya mlango na ya swichi kama zinafanana, mara nyingi zinatofautiana.

Volkswagen Beetle, herufi za mwanzo wa kodi ndo aina ya mifereji, mfano K, SC, SG, SV, SU, na namba zinazofuata ndo meno. Kwa hiyo herufi inakupa blanki na namba inampa fundi kazi. Kwenye milango inabidi utoe mkono wa mlango. Wa kwangu niliutoa nikakuta hakuna kitu, kahawia tupu, nikakaa nao na mswaki na mafuta ya taa kidogo, nikausugua kwenye ule mkia unaoingia mlangoni, na herufi ya kwanza ikatokea nikiwa nimeshafikiria kuurudisha. Sugua upande wote kabla hujasema hakuna.

Kwa magari ya Japani ya zamani, anza na silinda ya mlango wa abiria, mara nyingi kodi imegongwa hapo, na mlango huo ndo umechakaa kidogo kwa sababu ufunguo hauingizwi sana. GM za zamani kodi ilikuwa kwenye kile kipande kidogo cha kutoboka katikati ya kichwa cha ufunguo, walikitoa gari likiuzwa, kwa hiyo kichwa chenye tundu maana yake kodi imeshaondoka. Angalia kwenye bahasha ya makaratasi ya gari, watu walikuwa wanakihifadhi humo. Kisipokuwepo, fundi anatoa silinda ya mlango na kusoma vibati vyenyewe, vingi vimegongwa namba ya kina chake, 1, 2, 3, unaandika kwa mpangilio na ufunguo umepatikana.

Ukiwa hapa na swichi bado iko garini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Usitoboe silinda ya usukani kwa drili, usiipige nyundo, kifuko chake ni chuma cha kumimina kinachopasuka kama biskuti na vipuri vyake vya zamani ni adimu. Silinda ikionyesha ufa, ikizunguka bure bila kushika, au loki ya usukani ikibaki imefunga ufunguo ukiwa umezunguka, hapo umefika mwisho wa kazi ya nyumbani. Unapomfuata fundi beba kadi ya gari na kitambulisho maana fundi mwaminifu hachongi kwa kodi bila kuviona, beba kitasa chenyewe kama kinatoka, na mwombe ajaribu blanki ikiwa bado mbichi, iingie mpaka bega ligote na itoke bila kukwaruza, ndo awashe mashine.